Ernst Abbe, Mtu Aliyepima Mwisho wa Kuona

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niwaandikie wasomaji habari za masomo yangu ya shahada ya juu, ambayo ni elimu ya kutengeneza picha kwa nuru na kwa hesabu za kompyuta. Nilijaribu mara mbili kuandika, na mara mbili nikaichana karatasi, kwa maana habari za mtu akaaye mbele ya kompyuta mchana kutwa hazina ladha. Basi nimeona heri niwasimulie maisha ya mtu mmoja aliyekufa zamani, ambaye karibu kila siku ya masomo yangu nakutana na jina lake. Mtu huyo ni Ernst Abbe, Mjerumani. Nendeni katika maabara ya shule, mshike hadubini, mtazame ubavuni mwa zile lenzi zake ndogo. Juu ya lenzi ikuzayo mara 40 mtaona pia pameandikwa 0.65, na juu ya ile ya mara 100 pameandikwa 1.25. Mimi nilipokuwa shuleni hapo nilizitazama namba hizo miaka minne wala sikumwuliza mtu maana yake. Aliyebuni kipimo hicho ni Abbe.

Alizaliwa tarehe 23 Januari 1840 katika mji wa Eisenach, ulio katikati ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kusokota nyuzi. Kazi ya kiwandani siku zile ilikuwa ya muda wa saa 14, au 15, hata 16 kwa siku, na mtu alifanya kazi akiwa amesimama, pasipo mapumziko. Ernst tangu alipokuwa na umri wa miaka mitano mpaka tisa alikuwa akimpelekea baba yake chakula cha mchana, wakipokezana na dada yake mdogo, leo huyu na kesho huyu. Mtoto alisimama pale akamwona baba yake akila upesi upesi huku ameegemea mashine, au amechutama juu ya sanduku, kisha akirudisha chungu kitupu na kushika kazi tena palepale. Baba huyo alikuwa pandikizi la mtu, mwenye nguvu nyingi, lakini alipofika umri wa miaka 48 alikuwa kama mzee wa kutembelea mkongojo. Abbe hakuyasahau mambo haya maisha yake yote, nami nawaomba wasomaji wayaweke moyoni kidogo, maana tutayarudia.

Mwenye kiwanda aliona kwamba mtoto ana akili, akasaidia gharama za masomo yake, hata akamaliza shule ya sekondari mwaka wa 1857. Akaingia Chuo Kikuu cha Jena, kisha akaenda Göttingen, ambako waalimu wake walikuwa watu mashuhuri kama Wilhelm Weber katika fizikia na Bernhard Riemann katika hisabati. Fedha hazikumtosha, akawa anafundisha watoto wa watu ili apate kuishi. Mwaka wa 1861 alipata shahada ya udaktari, na mwaka wa 1863 akaruhusiwa kufundisha katika Chuo cha Jena baada ya kuandika kitabu kidogo juu ya makosa ya vipimo, yaani mtu akipima kitu kimoja mara nyingi, makosa yake yatatawanyika namna gani. Neno hilo huenda likaonekana dogo. Lakini mtu ambaye kazi yake ya kwanza ni kuchunguza makosa, ameanza vema.

Katika mji huohuo wa Jena palikuwa na fundi aitwaye Carl Zeiss, aliyefungua karakana ya hadubini mwaka wa 1846. Hadubini zake zilikuwa nzuri, nazo zilitengenezwa kama zilivyotengenezwa zote wakati ule, yaani kwa kubahatisha. Fundi alisugua vipande vya kioo, akavipanga katika bomba, akachungulia. Kama picha ilikuwa na ukungu, alibadili kipande kimoja, akachungulia tena. Aliendelea hivyo mpaka picha ikatulia, na lenzi ya pili ilikuwa lazima ianzwe upya, kwa kuwa hapakuwa na mtu ajuaye kwa nini ile ya kwanza ilikuwa nzuri. Yasemekana kwamba Bw. Zeiss alikuwa akiivunja kwa nyundo hadubini yoyote isiyompendeza, mbele ya fundi wake. Lakini yeye alikuwa na wazo moja ambalo wenzake walilicheka: kwamba lenzi ingeweza kuhesabiwa kwanza juu ya karatasi, halafu ndipo ikasuguliwa. Alijaribu mwenyewe akashindwa, maana hisabati yake haikutosha. Mwaka wa 1866 akamwendea Abbe, kijana wa miaka 26, mwalimu mwenye mshahara mdogo.

Sasa nafika mahali ambapo mimi binafsi nampendea Abbe. Alihesabu. Alitafuta makosa yote ya lenzi yaliyojulikana, namna miale ya pembeni isivyokutana na miale ya katikati, namna rangi zisivyokutana mahali pamoja. Alitambua kwamba makosa hayo hupungua sana ikiwa mdomo wa lenzi utafanywa mwembamba, ili miale ya pembeni isiingie. Akaagiza lenzi zitengenezwe hivyo. Zikatengenezwa, kila kipimo sawasawa na karatasi yake. Walipochungulia, picha zilikuwa safi kweli, lakini mambo madogo madogo yaliyoonekana vizuri kwa lenzi za kubahatisha, katika lenzi hizi za hesabu hayakuonekana kabisa! Fedha za Zeiss zimekwisha tumika, na mafundi waliokuwa wakitazama kwa shaka tangu mwanzo bila shaka walikuwa na maneno yao. Mtu mwingine angalisema mafundi wameharibu, au angalirudi chuoni kwake kimyakimya. Abbe alisadiki kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi na lenzi ilikuwa sahihi, kwa hiyo lilikuwapo jambo ambalo hesabu haikulijua. Akaanza kulitafuta.

Jambo lenyewe ni hili. Nuru ni mawimbi. Ipitapo katika vitu vidogo sana, kama mistari iliyokwaruzwa karibu karibu juu ya kioo, haiendi yote moja kwa moja. Sehemu yake hupita katikati, na sehemu hutawanyika kushoto na kulia, kama vile mawimbi ya bahari yaingiayo katika mlango mwembamba wa bandari yanavyotanda pande zote ndani. Kadiri mistari inavyokaribiana ndivyo ile nuru ya pembeni inavyokwenda upande zaidi. Lenzi yenye mdomo mwembamba huipokea ile ya katikati tu, na ile ya pembeni hupita nje ikapotea. Na ile ya pembeni ndiyo iliyobeba habari za mistari! Basi Abbe kwa kufunga mdomo wa lenzi ili kuondoa makosa, alikuwa ameufungia nje ujumbe wenyewe.

Hakutosheka kusema hivyo, bali alitengeneza jaribio ambalo mtu yeyote aweza kulirudia. Alichukua kioo chenye mistari, akakiweka chini ya hadubini, kisha akaiondoa lenzi ya jicho na kuchungulia ndani ya bomba. Nyuma ya lenzi ya chini huonekana vidoa vya nuru vilivyojipanga, kimoja cheupe katikati, na vingine kushoto na kulia vyenye rangi kama za upinde wa mvua. Alipoviziba vya pembeni vyote kwa kibati chenye tundu, akairudisha lenzi ya jicho, mistari ilikuwa imetoweka, ijapokuwa kioo hakikuguswa. Halafu akaviziba vile vya kwanza vya kushoto na kulia, akaacha cha katikati na vile vya pili. Hapo mistari ilionekana tena, lakini sasa ilikuwa maradufu! Kama palikuwa na mistari 10, jicho lilihesabu 20. Hiyo mistari ya ziada haikuwako juu ya kioo, wala haikuwa ndoto, bali ilikuwa picha halisi ya nuru iliyobaki.

Hapo sina budi kueleza kisa changu mwenyewe, ingawa hakinipi sifa. Katika mwaka wangu wa kwanza wa masomo ya juu nilipewa kazi ya kupiga picha nyingi za kioo cha mistari kwa lenzi hafifu, huku taa zikiwaka moja moja kutoka pande mbalimbali, ili kompyuta izikusanye picha hizo na kutoa picha moja iliyo bora kuliko zote. Njia hiyo ilitangazwa mwaka wa 2013 na wataalamu wa California, nayo ni mjukuu wa jaribio la Abbe: taa iliyo upande huiingiza katika lenzi ile nuru ambayo ingalipotea nje. Niliandika programu, na katika programu nikaweka sehemu ya kusafisha, ifute namba zilizoonekana kwangu kuwa takataka. Picha ilipotoka ilikuwa na mistari mingi kuliko nilivyotazamia, mizuri, iliyonyoka. Nikafurahi mno. Nilidhani nimeona kitu ambacho wengine hawakukiona, na kwa majuma matatu niliandika taarifa yangu juu ya mistari ile. Mwalimu wangu alipoisoma hakusema neno, alinipa tu makala ya Abbe ya mwaka wa 1873 iliyotafsiriwa, akaniambia nisome habari za vile vidoa. Jioni ileile nilielewa. Programu yangu ilikuwa imefuta vidoa vya kwanza na kuacha vya pili. Nilikuwa nimeirudia hila ya Abbe bila kujua, tofauti ikiwa kwamba yeye aliifanya kwa makusudi.

Nilichofuta mimi kilikuwa mistari ya kioo tu. Lakini watu wanaosomea elimu hii hutengeneza vyombo vya kutazamia damu ya mgonjwa, na daktari haulizi ni namba gani zilizofutwa, yeye hutazama picha. Usiku ule sikulala vizuri.

Makala hiyo ya mwaka wa 1873 ni ya ajabu kwa jambo jingine pia. Haina fomula hata moja! Abbe alieleza kwa maneno matupu kwamba kuna mwisho wa kuona kwa hadubini, na kwamba mwisho huo ni karibu nusu ya urefu wa wimbi la nuru. Fomula aliitangaza baadaye, nayo siku hizi imechongwa juu ya jiwe la kumbukumbu yake huko Jena. Chukua urefu wa wimbi, uugawanye kwa mara mbili ya ile namba iliyoandikwa ubavuni mwa lenzi. Nuru ya kijani ina wimbi la mikroni 0.55, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa lenzi ya 0.65 utapata mikroni 0.42, na kwa lenzi ya 1.25 utapata 0.22. Vitu viwili vilivyokaribiana kuliko hapo huonekana kimoja, hata ukikuza picha iwe kubwa kama ukuta wa bwalo. Maana ya ile namba yenyewe ni hii: ni sini ya nusu ya pembe ya nuru iingiayo katika lenzi, ukiizidisha kwa namba ya kupinda nuru ya kitu kilichopo kati ya lenzi na kioo. Kwa hewa namba hiyo ni 1, kwa hiyo katika hewa lenzi haiwezi kamwe kupita 1. Kwa mafuta yafaayo ni kama 1.5. Ndiyo sababu mwalimu wa Baiolojia huwaambia mtie tone la mafuta kabla ya kuishusha lenzi ya mara 100. Wanaosahau mafuta wanapoteza faida ya lenzi ile, ijapokuwa wanaendelea kuona ukubwa.

Lenzi za kuzamishwa katika mafuta Abbe alizihesabu mwishoni mwa miaka ya 1870, akifuata wazo la Mwingereza J. W. Stephenson. Kabla ya hapo alikwisha buni chombo cha kukusanya nuru chini ya meza ya hadubini. Kwa vyombo hivyo viwili Daktari Robert Koch alivitambua vijidudu vya kifua kikuu mwaka wa 1882. Koch huyu ndiye aliyekuja Dar es Salaam katika mwaka wa 1897 kuchunguza malaria na maradhi mengine, na tena mwaka wa 1906 akaja akakaa katika visiwa vya Sese, Ziwa Viktoria, kuchunguza ugonjwa wa malale. Na leo katika zahanati zetu, mtaalamu atafutaye malaria katika tone la damu hutumia lenzi ya mafuta ya namna ileile.

Tangu mwaka wa 1872 hadubini zote za Zeiss zilitengenezwa kwa hesabu. Biashara ikakua, Abbe akafanywa mshirika. Alipotakiwa Berlin awe profesa huko alikataa. Kikwazo kilichobaki kilikuwa kioo chenyewe, kwa kuwa aina za kioo zilizopatikana zilikuwa chache, na hesabu zake zilidai vioo ambavyo havikuwako duniani. Akakutana na kijana mkemia, Otto Schott, na mwaka wa 1884 wakaanzisha pamoja na Zeiss karakana ya kuyeyusha vioo vipya. Mwaka wa 1886 zikatoka lenzi ambazo rangi zake zilitulia kuliko zote zilizotangulia. Habari za vioo hivyo ni ndefu, nami naziacha.

Carl Zeiss alikufa mwaka wa 1888. Abbe sasa alikuwa tajiri, naye angaliweza kuishi kama matajiri. Mwaka wa 1889 alianzisha kitu ambacho sisi wenye kukaa pwani twakifahamu vizuri, maana wazee wetu wamekuwa wakiacha nyumba na minazi kwa namna hiyo: aliweka wakfu. Aliuita kwa jina la Carl Zeiss, siyo kwa jina lake, na mwaka wa 1891 hisa zake katika viwanda zikawa mali ya wakfu huo, yeye akabaki mmoja wa wakurugenzi wenye kulipwa mshahara. Sheria za wakfu, zilizotolewa mwaka wa 1896, zilisema kwamba mtu asibaguliwe kwa ajili ya asili yake, dini yake wala siasa yake, kwamba wafanyakazi wapate likizo yenye malipo na pensheni na sehemu ya faida, na kwamba hata mkurugenzi mkubwa asipokee zaidi ya mara kumi ya mapato ya kawaida ya mfanyakazi. Faida nyingine zilikwenda katika chuo kikuu na katika mambo ya mji.

Na saa za kazi? Mwaka wa 1900 aliamua kujaribu, kama alivyojaribu lenzi. Watu walikuwa wakifanya kazi kwa muda wa saa 9 kwa siku, akaupunguza uwe saa 8, mshahara wa siku ukabaki uleule. Wenye viwanda wengi waliamini kwamba saa moja ikiondolewa, kazi ya saa moja imepotea. Abbe alichukua hesabu za wafanyakazi 233 waliolipwa kwa kadiri ya kazi zao, akalinganisha mwaka mmoja kabla na mwaka mmoja baada. Aliona kwamba kwa kila saa kazi iliongezeka karibu asilimia 16, hata jumla ya siku nzima ikazidi kidogo ile ya zamani. Mwaka wa 1901 alisimama mbele ya watu akaeleza namba hizo, na katika hotuba hizo hakuona haya kusimulia juu ya baba yake, na chungu cha chakula, na mashine iliyoegemewa. Mimi nimezisoma hesabu hizo, nazo ni kavu kama hesabu zozote. Lakini mtu ajuaye kwamba zimeandikwa na yule mtoto wa miaka mitano hawezi kuzisoma upesi.

Afya yake ilikuwa imeharibika, na mwaka wa 1903 aliacha kazi. Alikufa tarehe 14 Januari 1905, zikiwa zimebaki siku tisa atimize miaka 65, akaacha mke, Bibi Else, na mabinti wawili. Wakfu wake ungalipo hata leo, nao ndio mwenye kampuni za Zeiss na Schott. Mpaka alioupima katika kuona umekwisha kupatiwa njia ya kuuzunguka, na mwaka wa 2014 Eric Betzig, Stefan Hell na William Moerner walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi hiyo. Walitumia molekuli zing'aazo, wakaziwasha na kuzizima. Fomula yenyewe haikufutwa, nasi tungali tunaanza nayo kila somo.

Nitakuja likizo mwezi wa Desemba, Mungu akipenda. Nimenunua kioo kimoja chenye mistari, wala si cha bei kubwa, nami nitamkabidhi mwalimu wa Fizikia pamoja na vibati vyenye matundu nilivyovikata mwenyewe. Atakayetaka kuiona mistari ikitoweka, kisha ikirudi maradufu, na amwombe ruhusa baada ya masomo. Lenzi ya jicho itolewe polepole, maana zile hadubini ni chache.